Mbao za sakafu Ndungu: Ukavu ndio bei

FEDHA ya mpunga inapoingia Ndungu, wilayani Same, sehemu yake huishia kwenye nyumba. Huanza bati, hufuata milango na madirisha, na mwenye uwezo zaidi hufikiria sakafu. Wengi humaliza kwa saruji au vigae. Wachache wanaochagua mbao huingia katika soko ambalo bei haielezi kila kitu, kwa sababu mbao mbili zenye jina moja, urefu mmoja na upana mmoja zinaweza kuwa bidhaa mbili tofauti kabisa. Moja imekauka, nyingine bado ina maji.

Tofauti hiyo inauma zaidi Ndungu kuliko sehemu nyingi. Mji uko tambarare, chini ya safu ya Pare Kusini, kwenye barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani na Maore, ikaendelea Kihurio hadi Mkomazi. Juu yake kuna milima ya baridi na ukungu, Vunta, Bombo na Mtii. Upande wa pili ni nyika ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Maji ya mto Yongoma hulisha mashamba ya mpunga yapatayo hekta 680, mradi uliokamilika mwaka 1990 kwa mkopo wa Japani, lakini ukitoka nje ya majaruba hewa ni kavu na jua ni kali.

Mbao zinazoshuka kutoka milimani zinatoka kwenye baridi kuja kwenye joto. Ubao uliotulia vizuri ghalani huko juu huendelea kukauka ukifika chini, na unavyokauka ndivyo unavyosinyaa. Kama kwa wakati huo tayari umepigiliwa misumari sebuleni, hasara ni ya mwenye nyumba.

Hesabu ya chumba kimoja

Chukua chumba cha futi 12 kwa 12. Mnunuzi asiye mzoefu hupiga hesabu kichwani: ubao wa moja kwa sita una upana wa inchi 6, yaani nusu futi, kwa hiyo mbao 24 za futi 12 zinatosha. Hazitoshi. Ubao ukishapigwa randa, ukachongwa ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili ili zishikane, upana unaobaki kuonekana juu ya sakafu ni kama inchi 5. Chumba chenye inchi 144 kitahitaji mbao 29. Ikiongezwa moja ya kumi kwa ajili ya vipande vya kukata na mbao zenye kasoro, idadi inafika 32. Aliyepanga fedha za mbao 24 amepungukiwa na mbao nane, na bado hajanunua boriti za chini. Kwa nafasi ya inchi 18 kutoka boriti moja hadi nyingine, chumba hicho kinataka boriti tisa za mbili kwa nne.

Hayo yote ni kama inchi ni inchi. Sokoni, ubao unaoitwa moja kwa sita unaweza kuwa na unene wa robo tatu ya inchi na upana wa inchi tano na nusu. Kwa macho tofauti ni ndogo. Kwa hesabu, mnunuzi amepata inchi za mraba 4 na kidogo badala ya 6, maana yake karibu theluthi moja ya mti haimo. Mfanyabiashara wa jumla anayelipa kwa mita ya ujazo akumbuke kwamba mita moja ya ujazo hutoa vipande 70 hivi vya moja kwa sita vya futi 12, vikiwa na kipimo kamili. Akihesabiwa vipande 70 vyembamba kwa bei ya mita nzima, amelipia hewa. Tepu ya mfukoni ni chombo cha bei ndogo kuliko vyote katika biashara hii, na bado wanunuzi wengi huiacha nyumbani.

Halafu kuna maji. Kiasi cha maji kwenye ubao huhesabiwa kwa asilimia ya uzito wa mti huo ukiwa mkavu kabisa. Ubao hauanzi kusinyaa siku unapokatwa. Husinyaa pale maji yanaposhuka chini ya asilimia 30 hivi. Ndani ya nyumba za bara, mbao kwa kawaida hutulia karibu na asilimia 10 hadi 12. Tanga na Dar es Salaam, kwenye hewa ya bahari, hutulia juu kidogo ya hapo.

Paini mbichi inaweza kupoteza asilimia 4 hivi ya upana wake mpaka ifikie ukavu wa ndani ya nyumba. Kwa ubao unaofunika inchi 5, hiyo ni milimita 5. Inaonekana ndogo mpaka izidishwe: mbao 29 zinapoteza milimita 145, ambazo ni zaidi ya upana wa ubao mmoja. Mwenye nyumba alilipia mbao 29 na baada ya kiangazi kimoja amebaki na sakafu ya mbao 28. Ule wa 29 umegawanyika kuwa nyufa, kila moja ikitosha kumeza sarafu. Kwa upande wa urefu, ubao haupungui kiasi cha kuonekana. Ndiyo sababu nyufa zote hufuata mstari mmoja na haziwezi kufichwa.

Mti upi kwa chumba kipi

Jina kubwa la milima hii ni mkulo, mti unaonuka kama kafuri, ambao kwa miaka mingi ulipasuliwa katika msitu wa Chome unaozunguka kilele cha Shengena. Ni mbao nzuri, haipindi ovyo. Lakini Chome sasa ni hifadhi ya mazingira asilia na ukataji wa miti humo ni marufuku. Mkulo unaouzwa leo ama umetoka kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa, jambo ambalo ni bahati kwa mnunuzi kwa sababu umekauka miaka mingi, ama umetoka mahali ambapo muuzaji lazima apathibitishe kwa karatasi.

Kwa bei ya mtu wa kawaida, chaguo ni paini na sapresi za mashamba ya miti ya Serikali. Ya karibu na Ndungu ni Shume, wilayani Lushoto, ambako mzigo hushuka Mombo na kufuata barabara kuu hadi Mkomazi. Mengine ni West Kilimanjaro na, mbali zaidi, Sao Hill wilayani Mufindi. Mbao hizi ni laini. Zikikauka, mita ya ujazo huwa na uzito wa kilo 400 hadi 500 hivi, na kisigino cha kiatu au mguu wa kiti huacha alama. Chumba cha kulala zinakifaa. Sebule ya nyumba yenye wageni wengi haitapita miaka mingi kabla ya kuhitaji msasa tena.

Mninga ni mbao ya daraja jingine. Uzito wake unapita kilo 600 kwa mita ya ujazo, lakini sifa inayofanya mafundi waupende ni kwamba husinyaa kidogo sana ukilinganishwa na miti mingine. Mkongo ni mzito zaidi na mgumu zaidi, nao hutulia vizuri. Mkaratusi, ambao umepandwa kila mahali na huuzwa kwa bei ya kuvutia, ni mgumu pia, ila unasinyaa sana na hupinda na kupasuka ukikaushwa haraka. Anayeuziwa mkaratusi mbichi kwa ajili ya sakafu anauziwa matatizo.

Mtiki wa Longuza, wilayani Muheza, ni mbao inayosifiwa duniani kote kwa kutopinda na kuvumilia mchwa. Magogo yake huuzwa kwa mnada na mengi huishia kwa wanunuzi wanaosafirisha nje, hasa India, kwa hiyo fundi wa Same anashindana na fedha za Bombay. Tena mtiki una mafuta yanayokataa gundi. Ukipigiliwa misumari hakuna tatizo, lakini wa kubandika hutaka kufutwa kwa kimiminika cha kuondoa mafuta kabla gundi haijapakwa.

Kuna muhuhu pia. Wataalamu wa sakafu huuweka juu ya orodha kwa sababu mita ya ujazo huwa na kilo 900 na zaidi, na unavumilia nyayo za watu miaka mingi. Shina lake ni fupi, limejipinda na mara nyingi lina uwazi ndani, ndiyo maana tangu zamani Kenya na Tanzania zilikuwa zikiusafirisha kama vipande vifupi vya sakafu badala ya mbao ndefu. Hukua polepole mno na umepungua porini. Kwa mnunuzi wa Ndungu, mti huu ni wa kujua zaidi kuliko wa kununua.

Hata hivyo muhuhu unafundisha biashara. Sakafu ya vipande vifupi haihitaji ubao wa futi 12. Karakana za samani za Same na Moshi hukata mninga na mkongo kila siku, na mabaki ya inchi 9 au 12 huishia jikoni kama kuni. Yakipigwa randa kwa kipimo kimoja, yakakaushwa na kufungwa kwa fungu la mita moja ya mraba, ni bidhaa ya kubandika juu ya zege ambayo haihitaji hata boriti moja. Yeyote mwenye mashine ya randa na subira anaweza kuijaribu kwa mtaji mdogo.

Bidhaa nyingine inayoonekana kwenye maduka ya mijini ni vipande vyembamba kutoka nje ya nchi vyenye sura ya mbao. Ndani yake ni unga wa mti uliogandamizwa, na juu ni picha tu ya mti. Huwekwa haraka na bei yake inaeleweka. Maji yakiingia kwenye maungio huvimba, na sakafu ya namna hiyo haipigwi msasa kurudishwa upya.

Karatasi kabla ya randa

Mbao zisizo na nyaraka huwa na bei nzuri, na sababu ya bei hiyo ni kwamba hatari imehamishiwa kwa mnunuzi. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mazao ya misitu yakisafirishwa lazima yaambatane na hati ya kusafirishia, ambayo wafanyabiashara huiita TP. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ndio wanaosimamia. Mzigo ukikamatwa njiani au ghalani bila hati, anayekutwa nao ndiye anayebeba faini au kuupoteza wote, hata kama aliulipia kwa fedha taslimu. Mnunuzi wa mbao 32 za chumba kimoja anahitaji risiti inayotaja aina ya mti na idadi ya vipande. Mnunuzi wa lori anahitaji kuona hati yenyewe na kulinganisha idadi iliyoandikwa na iliyopakiwa.

Mizani ya mpunga

Kipima unyevu cha umeme kipo, lakini si kila mtu anacho. Ndungu ina kitu kinachofanya kazi hiyo kwa uhakika wa kutosha: mizani. Pima ubao mmoja, andika uzito kwa chaki juu yake, uweke kivulini penye upepo, upime tena baada ya wiki. Uzito ukiwa umeshuka, ubao bado unatoa maji. Ukikaa palepale kwa wiki mbili mfululizo, umetulia na hewa ya mahali hapo.

Anayetaka asilimia kamili akate kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka kwanza, akipime kwenye mizani ya dukani inayosoma gramu, kisha akikaushe kwenye oveni yenye joto la kiasi cha nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena. Kipande kilichokuwa gramu 650 kikabaki 500 kilikuwa na unyevu wa asilimia 30, nacho ni kibichi kwa kazi ya sakafu. Kilichokuwa gramu 560 kikabaki 500 kilikuwa na asilimia 12, na mbao zake zinaweza kuwekwa.

Kukausha kwenyewe ni kazi ya nafasi kuliko ya fedha. Mbao hupangwa juu ya matofali, juu kidogo ya usawa wa goti ili mchwa na unyevu wa ardhi visifike, na kati ya safu na safu huwekwa vijiti vya inchi moja kila baada ya futi mbili. Vijiti vya safu zote viwe kwenye mstari mmoja wa wima; visipokuwa, mbao hujikunja kama ngalawa. Ncha hupakwa rangi ili zisipasuke, juu huwekwa uzito, na jua lisizipige. Paini ya inchi moja, katika joto la tambarare, inaweza kuwa tayari kwa miezi miwili au mitatu. Mbao ngumu husubiri muda mrefu zaidi, wakati mwingine karibu mwaka.

Siku ya kutandika

Zege nalo lina maji. Jamvi la inchi 4 lililomwagwa mwezi uliopita limekomaa kwa nguvu, ila halijakauka. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Kuna kipimo cha usiku mmoja. Nailoni ya mita moja ya mraba hubandikwa kwa utepe pande zote juu ya zege, na asubuhi ya pili hufunuliwa. Matone chini yake, au zege kuwa jeusi, maana yake ni kusubiri. Hata zege likiwa kavu, nailoni nzito hutandazwa chini ya boriti ili unyevu wa ardhi usipande baadaye.

Mchwa ndio adui wa pili wa tambarare hizi. Boriti isiguse udongo popote, na kama sakafu imeinuliwa, kuta ziachiwe matundu yenye wavu ili hewa ipite chini. Tabia ya kupaka boriti oili chafu ya gari ina mashabiki wengi, lakini harufu yake hupanda chumbani na doa likifika juu vanishi haishiki. Dawa za zamani kama dieldrin na aldrin, ambazo mafundi wakongwe bado huzitaja kwa sifa, zimepigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Duka la pembejeo lenye dawa iliyosajiliwa kwa ajili ya mbao ndilo la kuulizwa.

Mbao zilizokaushwa ghalani huletwa ndani ya chumba chenyewe na kukaa wiki mbili kabla ya kuwekwa, dirisha likifunguliwa na kufungwa kama kawaida ya nyumba. Hutandikwa kukingama boriti. Msumari hupigwa kwa mshazari kwenye ulimi, ili ubao unaofuata uufunike na juu pasionekane kichwa cha msumari. Kwa ubao wa inchi moja, msumari wa inchi mbili na nusu unatosha. Maungio ya ncha yapishane, yasipangane mstari mmoja. Pande zote za ukuta huachwa nafasi ya milimita 10 hadi 12, ambayo skatingi itaificha. Fundi anayebana mbao mpaka ukutani ili kazi ionekane safi hujisifu mpaka masika. Hewa ikipata unyevu mbao hutanuka, zikikosa pa kwenda huinuka katikati ya chumba.

Msasa huanza na wa kukwaruza sana na kumalizia na laini, kufuata nyuzi za mti, kisha vanishi mikono mitatu. Jikoni na bafuni mbao zisiwekwe kabisa. Na ukweli usemwe: kwa joto la Ndungu kigae ni baridi mguuni na hakiliwi na mchwa. Sakafu ya mbao ina maana zaidi Vunta au Mtii, ambako asubuhi saruji huuma nyayo, au kwenye nyumba ya ghorofa. Anayeiweka tambarare analipia uzuri, jambo ambalo si kosa mradi ajue analipia nini.

Nafasi kwa wenye ghala

Kwa mfanyabiashara, swali ni nani atakayebeba miezi mitatu ya kungoja. Hivi sasa mara nyingi habebi mtu: mbao hupita kutoka kwenye msumeno hadi chumbani ndani ya siku chache, na hasara huonekana baadaye. Tuseme kwa mfano tu kwamba mfanyabiashara ameweka mzigo wa shilingi milioni 4 kwa miezi mitatu, kwa mkopo wa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Riba inafika shilingi 240,000. Mbao zitakazopinda wakati wa kukauka zikiwa asilimia 5, ni shilingi 200,000 nyingine. Jumla 440,000, kwa hiyo bei ya mbao kavu lazima iwe juu ya ile ya mbichi kwa asilimia 11 ndipo arudishe gharama, kabla ya faida na kodi ya ghala.

Je, mnunuzi atalipa asilimia 15 au 20 zaidi? Aliyewahi kuona sakafu yake ikifunguka atalipa. Ambaye hajawahi atataka ushahidi, na hapo mizani hufanya kazi ya pili: uzito ulioandikwa kwa chaki siku ubao ulipoingia ghalani, na uzito wa leo chini yake, ni tangazo ambalo muuzaji wa mbichi hawezi kuliiga. Kinachobaki ni majira. Fedha ya Ndungu hufuata mavuno, kwa hiyo mbao za kuuzwa baada ya mavuno zinatakiwa ziwe zimepangwa kwenye vijiti tangu mpunga unapopandikizwa.

Mwenye nyumba naye, fundi anapoondoka, asiuze mbao zilizosalia. Tatu au nne ziwekwe darini katika nyumba ileile. Siku ubao mmoja utakapoharibika, wa kuuziba utakuwa umekauka kwa hewa ileile na kwa muda uleule.